Nguo Nyeusi na Mfuko Mwepesi



Toka mwanzo wa trimestre hii, neno moja linazunguka mu uwanja wa masomo na mu vyumba vya kulala: neno la nguo nyeusi. Wenzetu wengine waliona mu telefone picha za vijana wa Ulaya wanaovaa nyeusi toka kichwa mpaka viatu, na dantela ku mikono, na minyororo shingoni, na macho yaliyozungushwa wanja. Wakapenda. Mtindo ule unaitwa gotiki. Siku ya posho, saa tunapotoa bleu-blanc ya masomo, wawili watatu wakaanza kutokea vile.

Mabishano yakaanza papo hapo. Wengine wanasema: "Ile ni mavazi ya walozi." Wengine wanasema: "Ile ni mambo ya watoto wa matajiri, sisi tutatosha wapi feza?" Na wengine hawasemi kitu, wanafanya hesabu kimyakimya ya deni watakayokamata juu ya kupata viatu virefu vyeusi.

Sisi tunaoandika gazeti hii ndogo hatuko wote watu wa nyeusi. Kati yetu kuna anayependa, na kuna asiyependa hata kidogo. Lakini tumekaa, tumezungumza, na tumepatana juu ya neno moja: rangi ya nguo si swali. Swali ni hili: nguo ile ilipatikana namna gani? Ilitoka mu mikono ya mwenyewe, ao ilitoka mu deni? Anayejishonea kwa kile aliko nacho, hata nguo yake ikiwa nyeusi sawa makaa, tumwache na amani yake. Anayekula minervali juu ya kuvaa, hata nguo yake ikiwa nyeupe sawa maziwa, yule ndiye wa kuulizwa.

Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtujibu.

1. Jina lile lilitoka wapi

Neno gotiki ni la kale sana. Goths walikuwa watu wa Ulaya, na mwaka wa 410 jeshi lao, likiongozwa na mfalme Alaric, liliingia mu mji wa Roma na kuupora. Miaka mingi kisha, wenye elimu wa Italia waliangalia makanisa makubwa ya matao yenye ncha na madirisha marefu, yale yaliyoanza kujengwa Ufaransa mu karne ya 12, na hawakuyapenda. Wakasema kazi ile ni ya Goths, maana yake kazi ya washenzi. Lilikuwa tukano. Leo watu wanavuka bahari juu ya kuona kanisa la Chartres na Notre-Dame ya Paris, na hakuna anayefikiri tena tukano lile.

Kisha jina likaingia mu vitabu. Mwaka wa 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, hadisi ya ngome ya kale na mambo ya kuogopesha. Ilipochapwa mara ya pili, aliandika mbele ya kitabu kwamba ni hadisi ya gotiki. Nyuma yake wakafuata wengi: Mary Shelley na Frankenstein mu mwaka wa 1818, Bram Stoker na Dracula mu mwaka wa 1897. Hivi jina lilianza ku jeshi, likaenda ku mawe ya kanisa, kisha ku karatasi, na mwisho likafika ku nguo.

Tunasema hii yote juu ya sababu moja. Mara nyingi kitu kinaitwa cha washenzi na watu wasiotaka kuuliza kilifanywa namna gani. Anayeuliza, mara nyingi anakuta kazi.

2. Walianza bila feza

Vijana waliovaa gotiki wa kwanza walikuwa Waingereza, mu mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Walikutana juu ya muziki. Mwaka wa 1979 kikundi kinachoitwa Bauhaus, cha mji wa Northampton, kilitoa wimbo mrefu juu ya Bela Lugosi, mcheza-sinema aliyejulikana kwa kucheza Dracula. Mwimbaji Siouxsie, na kikundi chake Siouxsie and the Banshees cha London, alionyesha wasichana wengi namna ya kupaka wanja na kusimamisha nywele. Mu mwaka wa 1982 kukafunguliwa mu Soho, London, pahali pa kucheza palipoitwa Batcave. Na mu mji wa Leeds, mji wa viwanda kule kaskazini, kulikuwa na kikundi The Sisters of Mercy na vijana wengi waliowafuata.

Sasa tuangalie tarehe vizuri. Ni mwaka ule ule wa 1982, mu mwezi wa Januari, hesabu ya watu wasio na kazi mu Uingereza ilipita milioni 3. Viwanda vilikuwa vinafungwa. Vijana wengi walitoka masomo na kukaa nyumbani, wakiishi kwa feza kidogo ya serikali. Ni watu wa namna ile waliojaza vyumba vile vya muziki. Maduka ya nguo za mtindo yalikuwako, lakini wengi hawakuwa na feza ya kuingia humo.

Basi walifanya namna gani? Walikwenda ku maduka ya msaada, yale yanayouza nguo ambazo watu wametoa bure, na feza inasaidia maskini. Oxfam, iliyoanza mu mji wa Oxford mwaka wa 1942, iko na maduka ya namna ile mengi sana. Walikwenda vilevile ku mauzo ya vitu vya kale, yale yanayofanywa mara nyingi mu sale ya kanisa ao ya masomo, meza kwa meza. Pale mtu alikuta koti la babu ya mtu fulani, rinda la velure la bibi ya mtu fulani, rido za dantela zilizotoka ku dirisha. Akanunua kwa feza ya mkate. Nyumbani akachemsha maji, akatia rangi nyeusi. Rido ikawa shali. Soksi ndefu za wavu zilizotoboka hazikutupwa: alikata pahali pa katikati, akapitisha kichwa, na miguu ya soksi ikawa mikono ya nguo. Ncha zilizoachana akazishika kwa epengele. Nywele alizisimamisha kwa sabuni ao kwa maji ya sukari.

Mnaona sasa? Mtindo ule haukuzaliwa mu duka la matajiri. Ulizaliwa mu sufuria ya rangi na mu sindano. Matajiri walikuja nyuma, sawa vile wanavyokuja nyuma siku zote, na leo wafanya-biashara wakubwa wanauza nguo zilizokwisha kutobolewa na mashini, kwa bei gali. Mwenzetu anayezani kwamba bila kununua zile hawezi kuvaa gotiki, yeye amedanganywa na muuzaji.

3. Hata weusi wa kilio ulikuwa na matajiri na maskini

Vijana wale walipenda sana nguo za siku za malkia Victoria. Tuseme kidogo juu yake, kwa sababu kwetu vilevile weusi ni rangi ya kilio.

Bwana ya Victoria, Albert, alikufa tarehe 14 Desemba 1861. Malkia akavaa nyeusi, na hakuitoa tena mpaka yeye mwenyewe alipokufa mu Januari 1901: miaka makumi tatu na kenda. Nchi nzima iliangalia mfano wake. Matajiri walivaa vitu vya mapambo vyeusi vya jet, namna ya mti wa kale uliogeuka sawa jiwe chini ya udongo, na mafundi wa Whitby, mji wa pwani, walijulikana kwa kuuchonga. Lakini jet ilikuwa gali. Basi watu wa feza kidogo walivaa kioo cheusi, ao mpira uliofanywa kuwa mgumu. Na wengi hawakuweza kununua rinda jipya la kilio: walichukua rinda lao la kila siku, wakalitia mu sufuria ya rangi nyeusi, na walilia wafu wao vizuri sawa na wengine.

Mji ule wa Whitby ni ule ule ambao Bram Stoker aliuweka mu kitabu chake, na toka mwaka wa 1994 watu wa gotiki walianza kukusanyika kule ku sikukuu yao. Wazee kati yao leo wako na wajukuu. Waliosema ni wazimu wa vijana utakaopita kwa miezi sita, walikosa hesabu.

4. Sufuria ile inaweza kuwaka kwetu

Mtu atasema: Uingereza iko mbali, sisi hatuko na maduka ya msaada. Ndugu, duka lile linatufikia. Nguo ambazo maduka yale yanashindwa kuuza zinauzwa kwa kilo ku wafanya-biashara, zinafungwa mu baloti, na nyingi zinavuka mpaka Afrika. Uingereza ni moja ya nchi zinazotuma nguo za namna ile nyingi zaidi mu dunia. Velure ile ambayo msichana wa Leeds aliiacha ku meza, inaweza kuwa leo mu rundo la soko yetu, chini kabisa, kwa sababu mama wanasema ni nzito na inaleta joto.

Basi haya ndiyo mashauri yetu kwa asiye na feza.

Kwanza, usitafute nguo nyeusi. Tafuta nguo ya pamba, ya rangi yoyote, yenye mkato unaoupenda, kisha uipake rangi mwenyewe. Nguo nyeusi iliyo nzuri muuzaji anaijua na anapandisha bei. Shati kubwa ya mzee yenye doa, hakuna anayeitaka. Na doa, chini ya weusi, mara nyingi halionekani tena.

Pili, ujue kitambaa. Rangi ya unga inayouzwa mu vipakiti inakamata pamba, inakamata kitani na viscose, lakini haikamati polyester: itatoka kijivu, ao haitashika kitu. Kupima ni rahisi. Vuta uzi mmoja ku pindo, uuchome mbali na nguo. Pamba inaungua sawa karatasi, harufu ni ya karatasi, na inaacha majivu. Polyester inayeyuka na kuacha kipira kigumu. Mwalimu wa kemia atawaeleza sababu. Mujue vilevile kwamba uzi wa mshono mara nyingi ni polyester: nguo itakuwa nyeusi na mishono itabaki na rangi yake ya kwanza. Usilie, ni pambo.

Tatu, fua nguo kwanza, na iingie mu rangi ikiwa bado na maji. Maji yawe ya moto, na chumvi ndani, kwa sababu chumvi inasaidia rangi kushika pamba. Ugeuze na mti wakati wote, bila kuchoka, kama hutaki madoadoa. Kisha usuuze mpaka maji yatoke safi, uanike ku kivuli, na mara za kwanza uifue peke yake. Anayeifua pamoja na shati nyeupe za wenzake wa chumba, asituombe kumtetea.

Nne, usitupe kitu. Rido iliyopasuka ni shali. Kamba ya kiatu ni mshipi wa kufunga mgongo wa rinda. Vifungo vya koti lililokufa vinahamia ku koti lililo hai. Viatu vyeusi vya masomo, ukivipaka siraji vizuri, ndivyo viatu vya gotiki. Hakuna sheria inayosema viwe na visigino virefu.

Ukihesabu yote, garama kubwa ni wakati wako. Na wakati, mwanafunzi wa internat siku ya posho mangaribi, ndiyo mali anayo.

5. Mahali pa kusimama

Lakini feza kidogo isitufanye kuwa wajinga. Kuna mambo manne ambayo tunayakataza wazi, na hapa hatucheki.

La kwanza ni ngozi. Mu picha zile vijana wako na uso mweupe sana, na tumesikia msichana akisema lazima atafute mafuta ya kujichubua. Hapana! Weupe ule wa gotiki ni poda. Hata Wazungu wenyewe wanaupaka jioni na kuunawa usiku. Mafuta ya kujichubua, mengi yako na hydroquinone ao zebaki ndani, na yanaharibu ngozi, na zebaki inafika mpaka ku figo. Na zaidi ya hiyo, ngozi nyeusi na nguo nyeusi zinapatana vizuri kuliko poda yote ya London. Hatuna haja ya kuazima uso.

La pili ni macho. Kijiti kimoja cha wanja kisipite ku macho ya chumba kizima. Ugonjwa wa macho mekundu unapita njia ile. Kila mtu na kijiti chake.

La tatu ni unga mweusi unaotoka mu mawe ya radio. Tunajua kwamba watu wanautumia kupaka tablo ya darasa kuwa nyeusi. Usiupake ku nguo, na zaidi usiupake ku macho ao ku nywele. Ndani yake kuna vitu vyenye sumu.

La ine ni sufuria. Sufuria iliyopikwa rangi isirudi tena kupikwa maharagi. Tafuteni ndoo ao kopo la kale, liandikwe, likae mbali na jikoni.

6. Deni ndiyo giza

Sasa tufike ku neno lenyewe. Sisi Wakongomani tunajua mambo ya kuvaa. Toka mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka mwaka wa 1990 serikali ya Mobutu ilikataza koti na kravati ya Kizungu, wanaume wakavaa abacost. Na ni mu siku zile zile vijana wa Kinshasa, wakifuata waimbaji sawa Papa Wemba, walipenda Sape, wakavaa vile serikali haikutaka. Hatutaki kuwazarau sapeurs. Wanapenda usafi, wanapenda rangi kupatana, wanatembea sawa wafalme mu barabara za vumbi, na kuna uhodari ndani yake.

Lakini tofauti moja iko, na tuiseme. Sapeur anakuonyesha griffe. Anafungua koti upande wa ndani ili usome jina la mshonaji wa Paris ao wa Japani. Uzuri wa nguo uko pamoja na bei yake. Ndiyo sababu mwenye mfuko mwepesi anayetaka kuwafuata anakamatwa haraka na mambo matatu: kuazima, kukopa, ao kuiba. Wazee wetu wanasema nguo ya kuazima haisitiri. Tumeona mwanafunzi akirudishwa nyumbani mu wakati wa mitihani kwa sababu minervali ilikuwa miguuni yake, viatu viwili vinavyongaa. Mama yake aliuza unga kikombe kwa kikombe juu ya kupata feza ile. Viatu vile havikuwa vyeusi. Vilikuwa vyeupe. Lakini giza lilikuwa ndani yao.

Gotiki ya kweli, ile ya kwanza, haikuwa na griffe ya kuonyesha. Mtu akiuliza, "Nguo hii ulinunua wapi?" jibu zuri kabisa lilikuwa, "Sikununua, nilifanya." Hapo ndipo sisi, hata tusiopenda weusi, tunatoa kofia. Kijana anayeweza kusema "nilifanya" kwa miaka kumi na sita, kesho atasema vilevile juu ya shamba, juu ya duka, juu ya nyumba. Na anayezoea kusema "nilikopa", kesho atasema vilevile.

Basi mwenzetu anayekopa juu ya kupata gotiki ya duka, yeye amekosa mara mbili: amekosa kwa mama yake, na amekosa hata kwa gotiki yenyewe.

7. Neno lile la mulozi

Tunakuja sasa ku jambo zito, na tunaomba walimu wasome hapa polepole.

Mwezi uliopita, mu uwanja wetu, msichana mmoja wa mwaka wa ine alisikia nyuma yake: "Angalia uyu, anavaa sawa mulozi!" Watu wakacheka. Alikuwa amevaa rinda alilolipaka rangi kwa mikono yake. Waliosema watajibu kwamba ilikuwa mchezo. Lakini kwetu Kongo neno lile halina mchezo. Mnajua sawa sisi kwamba mu miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani, waliofungwa, waliopigwa, kwa sababu mtu alisema ni walozi. Watoto wengi wanaolala barabarani walianza njia ile kwa neno moja la mtu mukubwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa azabu ya kifungo kwa anayemshitaki mtoto ulozi. Basi neno ambalo sheria ya nchi inalifunga gerezani, tusilifungue mu uwanja wa masomo.

Na tusizani kwamba Ulaya hakuna. Uingereza penyewe, pale mtindo ulipozaliwa, kulikuwa na msichana anayeitwa Sophie Lancaster, wa miaka 20, aliyevaa gotiki. Usiku wa tarehe 11 Agosti 2007 alikuwa na rafiki yake Robert Maltby mu bustani ya watu wote mu mji mdogo wa Bacup, upande wa Lancashire. Kundi la vijana wakaanza kumpiga Robert. Sophie akamfunika kichwa kwa mikono yake ili kumlinda. Wakampiga na yeye, kwa mateke. Robert alipona. Sophie alikufa tarehe 24 Agosti. Hakuwa amewakosea kitu. Mbele ya baraza ilionekana wazi kwamba walipigwa juu ya sura yao, juu ya kuvaa tofauti na wengine. Mu mwaka wa 2008 wawili kati ya waliopiga walihukumiwa kifungo cha maisha. Mama yake, Sylvia, akaanzisha shirika juu ya kufundisha watu, na zaidi wanafunzi, wasimchukie mtu juu ya sura yake. Na mu mwaka wa 2013 polisi ya Greater Manchester ilianza kuandika mashambulio ya namna ile kuwa makosa ya chuki.

Wale waliompiga walikuwa vijana wa umri wetu. Nao, tunaweza kuamini, walianza siku fulani kwa kucheka tu.

8. Kwa walimu wetu, na kwetu sisi

Tunajua walimu watasema nini, na kwa heshima tunajibu.

Mutasema: masomo iko na iniforme. Ni kweli, na hatuombi igeuzwe. Bleu-blanc ni nzuri, kwa sababu inaficha nani ni tajiri na nani ni maskini toka asubui mpaka midi. Tunasema tu juu ya saa ambazo bleu-blanc iko ku kamba inakauka.

Mutasema: weusi ni wa kilio. Ni kweli vilevile. Basi anayevaa nyeusi juu ya kupenda, akifika ku nyumba yenye kilio, atoe minyororo yake na wanja wake, akae sawa wengine. Heshima ya wafu inapita mtindo wote. Lakini tukumbuke kwamba mchungaji wa kanisa nyingi anahubiri mu joho nyeusi, na wakili anasimama mbele ya hakimu mu joho nyeusi, na hakuna anayewauliza nani amekufa.

Mutasema: leo nguo, kesho tabia mbaya. Tunajibu: angalieni tabia yenyewe, musingoje nguo iwaambie. Anayekunywa, anayeiba, anayekosa masomo, aitwe juu ya kile. Tukianza kutafuta zambi ku rangi ya kitambaa, wenye zambi wote watanunua nyeupe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, Bwana Prefe akubali mashini ya kushona ya masomo itumiwe siku ya posho, saa mbili, na mwalimu mmoja wa kuangalia, kwa kila mwanafunzi, msichana na mvulana, anayetaka kutengeneza nguo yake ya rangi yoyote. Pili, kila darasa lipatane kwamba neno mulozi halitasemwa juu ya mwenzetu, hata kwa kicheko, na anayelisema aitwe mbele ya darasa lake. Tatu, na hili ni letu sisi wanafunzi wenyewe: minervali ikitoka nyumbani, ifike ku biro ya masomo yote nzima, bila kupita ku duka la viatu.

Anayetaka kujibu, aandike na kutia karatasi mu sanduku letu mbele ya siku ya tano. Tutachapa na majibu ya wasiokubali, kama stensili itatosha. Na kama muko na rido ya kale nyumbani, msiitupe; kuna mtu hapa ataijulia kazi.